Angola: Kutoka Bandari ya Watumwa hadi Visima vya Bahari Kuu

Nchi na watu wake

Angola iko magharibi mwa kusini mwa Afrika, ikiwa na pwani ya takriban kilomita 1,600 kwenye Bahari ya Atlantiki. Eneo lake ni kilomita za mraba 1,246,700, karibu sawa na Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zikiwekwa pamoja. Kaskazini na kaskazini mashariki imepakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mashariki na Zambia, kusini na Namibia. Mkoa wake mmoja, Cabinda, uko mbali na mingine yote: katikati kuna mlango wa Mto Kongo na ukanda mwembamba wa ardhi ya Kongo. Ni mkoa mdogo, wa kilomita za mraba 7,000 na kitu, lakini hakuna sura ya historia ya mafuta ya Angola isiyoutaja.

Pwani ni kame, kwa sababu mkondo baridi wa Benguela huinyima mvua, na kusini kabisa hugeuka kuwa jangwa la Namib. Anayepanda kutoka pwani hukutana na nchi nyingine kabisa: nyanda za juu za Huambo na Bié, zenye baridi, mvua ya kutosha na udongo unaokubali mahindi, maharage na viazi. Mlima Moco, wenye mita 2,620, uko huko. Humo ndimo inamoanzia mito mikubwa: Kwanza unaomwaga maji yake Atlantiki kusini mwa Luanda, Kunene wa mpaka wa Namibia, Kubango unaokwenda kupotelea katika mabwawa ya Okavango nchini Botswana, na Kasai unaoishia Mto Kongo.

Waovimbundu wa nyanda za juu ndio wengi zaidi, zaidi ya theluthi moja ya wananchi. Waambundu wanakaa kati ya Luanda na Malanje, Wabakongo kaskazini, Wachokwe mashariki, na Wakwanyama kusini. Wote hawa ni Wabantu. Sensa ya 2014, ya kwanza kamili tangu 1970, ilihesabu watu milioni 25.8, sasa wamepita milioni 36, na wengi wao ni vijana. Sensa hiyo ilionyesha jambo lisilo la kawaida barani Afrika: asilimia 71 walisema wanazungumza Kireno nyumbani. Shule za mkoloni peke yake zisingeweza kufanya hivyo. Ni vita vilivyowang'oa watu vijijini na kuwachanganya mijini, hasa Luanda, mpaka lugha ya kukutania ikawa ya kulelea watoto.

Kongo, Ndongo na soko la watumwa, 1483–1836

Wareno walipofika mlango wa Mto Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1480 wakiongozwa na Diogo Cão, walikuta ufalme wa Kongo, wenye mji mkuu, kodi, magavana na fedha ya makombe ya baharini. Mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa mwaka 1491. Mwanawe, Afonso wa Kwanza, aliandika barua kwa Kireno, alijenga makanisa na kupeleka vijana Lisbon kusoma. Mwaka 1526 alimwandikia mfalme wa Ureno kulalamika kwamba wafanyabiashara wanawakamata hata watu wa ukoo wake. Malalamiko hayakubadili mengi, kwa kuwa bidhaa zilizoingia bandarini zilikuwa zimeshawapa machifu wadogo nguvu ya kutomtegemea mfalme wao.

Kusini ya Kongo kulikuwa na ufalme wa Ndongo, ambao mtawala wake aliitwa ngola. Jina la nchi limetoka hapo. Mwaka 1575 Paulo Dias de Novais alitia nanga Luanda na kuanzisha mji uliokusudiwa kuwa kituo cha kutafuta fedha ya madini. Fedha haikupatikana. Kilichopatikana ni watu. Kwa karne mbili na nusu zilizofuata Luanda ilipakia watumwa wengi kuliko bandari nyingine yoyote ya Afrika, na ukanda wote wa magharibi ya kati ya Afrika ulipoteza zaidi ya watu milioni 5. Wengi walipelekwa Brazil. Waafrika walioteremshwa Virginia mwaka 1619, ambao Wamarekani huwahesabu kuwa wa mwanzo katika koloni lao, walikuwa wamepakiwa Luanda.

Aliyewasumbua Wareno kuliko wote alikuwa Njinga. Mwaka 1622, akiwa mjumbe wa kaka yake, ngola wa Ndongo, alikwenda Luanda kuzungumza na gavana. Inasimuliwa kwamba gavana alikalia kiti na mgeni akatandikiwa mkeka chini. Njinga akamwashiria mtumishi wake apige magoti, akaketi mgongoni mwake, mazungumzo yakaanza wakiwa macho kwa macho. Miaka miwili baadaye alikuwa malkia. Alipigana, akaunda mapatano, akahamia ufalme wa Matamba, akashirikiana na Waholanzi walioitwaa Luanda kati ya 1641 na 1648, na akafa mwaka 1663 bila kushindwa. Angola ya leo imemfanya shujaa wa taifa, ingawa yeye mwenyewe pia aliuza mateka pale siasa ilipomlazimu. Ilikuwa vigumu kwa mtawala wa zama hizo kupata bunduki bila kulipia kwa watu.

Waholanzi walifukuzwa na manowari zilizotoka Rio de Janeiro, si Lisbon. Mashamba ya Brazil ndiyo yaliyohitaji Luanda, hivyo wenye mashamba ndio walioikomboa. Chakula nacho kilifuata njia hiyo: muhogo ulioletwa kutoka Brazil ukawa funge, ugali wa unga wa muhogo unaoliwa hadi sasa kwa samaki au kwa mchuzi wa mawese. Mwaka 1665 jeshi la Kongo lilivunjwa katika vita vya Mbwila na mfalme António akauawa. Baada ya hapo ufalme ulibaki jina, na bara lote likawa ghala la kulishia bandari. Waliotawala Luanda hawakuhitaji kuitawala nchi. Walihitaji kilichopita gatini.

Ukoloni wa kahawa na shokoa, 1836–1961

Ureno ilipiga marufuku kusafirisha watumwa mwaka 1836, lakini magendo yaliendelea kwa kizazi kizima. Mipaka ya nchi ilichorwa baada ya Mkutano wa Berlin wa 1884–85. Wakati mkutano huo ukiendelea, machifu wa Cabinda walitia saini mkataba wa Simulambuco, tarehe 1 Februari 1885, wakijiweka chini ya ulinzi wa Ureno. Wanaodai uhuru wa Cabinda hunukuu mkataba huo mpaka leo: hoja yao ni kwamba walipatana na Ureno, na Angola haikuwemo. Bara halikutiishwa hadi karne ya 20. Waovimbundu waliasi Bailundo mwaka 1902, na Mandume, mfalme wa Wakwanyama, alikufa vitani mwaka 1917.

Uchumi wa koloni ulisimama juu ya kazi ya kulazimishwa. Mwafrika asiyeweza kuthibitisha ajira alikamatwa na kupelekwa shambani, machimboni au barabarani kwa mkataba ambao hakuusoma. Wazee wa Tanzania waliowaona manamba wa mkonge wangeutambua utaratibu huu mara moja, ila wa Angola ulikuwa mkali zaidi na ulidumu zaidi. Maelfu walipelekwa mashamba ya kakao ya kisiwa cha São Tomé, na wengi hawakurudi; mwaka 1909 watengeneza chokoleti wa Uingereza waliacha kununua kakao hiyo kwa aibu. Kahawa ya Uíge na almasi ya Lunda, iliyogunduliwa mwaka 1912, zilichumwa na kuchimbwa kwa mikono hiyo hiyo. Mskoti Robert Williams alipewa kibali mwaka 1902 kujenga reli kutoka Lobito hadi Katanga, na treni zilifika mpaka wa Kongo mwishoni mwa miaka ya 1920.

Chini ya Salazar, dikteta wa Ureno, walowezi waliongezwa kwa makusudi. Mwaka 1940 Wareno walikuwa kama 44,000. Kufikia 1974 walipita 300,000. Wengi hawakuwa matajiri. Walikuja kuwa madereva, wauza duka, waoka mikate, hata makondakta wa basi, na hivyo wakaziba nafasi zote ambazo katika makoloni mengine Mwafrika aliyesoma kidogo angezipata. Tokeo la jambo hili lilionekana mwaka 1975.

Vita vya ukombozi na mafuta ya Cabinda, 1961–1974

Januari 1961 wakulima wa Baixa de Cassanje walikataa kulima pamba ya lazima, na ndege za jeshi zikavishambulia vijiji vyao. Tarehe 4 Februari wapiganaji walivamia magereza ya Luanda. Tarehe 15 Machi mashamba ya kahawa ya kaskazini yaliwaka moto. Walowezi mamia waliuawa, na kisasi cha Wareno kiliua Waafrika maelfu kwa maelfu.

Ukombozi haukuwa na chama kimoja. MPLA, iliyoundwa mwaka 1956, ilipata nguvu kwa Waambundu, machotara na wasomi wa Luanda, chini ya Agostinho Neto, daktari na mshairi. FNLA ya Holden Roberto ilikuwa ya Wabakongo na ilikaa Kinshasa kwa msaada wa Mobutu, mtawala wa Kongo (baadaye Zaire). UNITA ilianzishwa na Jonas Savimbi mwaka 1966 na ikaota mizizi kwa Waovimbundu. Tofauti hizi za kabila zilikuwepo, lakini zilikuzwa zaidi na wafadhili: kila chama kilipata mfadhili wake, silaha zake na kambi zake. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, yenye makao Dar es Salaam, ilijaribu bila mafanikio kuwaunganisha. Mwaka 1966 MPLA ilipofungua uwanja wa mapambano wa mashariki, silaha zilishushwa bandari ya Dar es Salaam na kusafirishwa kwa malori hadi Zambia.

Katika miaka hiyo hiyo mafuta yakaibuka. Kisima cha kwanza chenye faida kilipatikana mwaka 1955 Benfica, karibu na Luanda, na kiwanda kidogo cha kusafisha mafuta kikajengwa mjini. Hayo yalikuwa madogo. Mwaka 1966 kampuni ya Marekani, Gulf Oil, ilipata mafuta chini ya bahari ya Cabinda, na mwaka 1968 uzalishaji ukaanza. Mwaka 1973 mafuta yaliipita kahawa katika orodha ya mauzo ya nje, licha ya kwamba Angola wakati huo ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wanne wakubwa wa kahawa duniani. Mrabaha wa Cabinda ulisaidia kulipia vita ambavyo Ureno ilipigana kuizuia Angola isijitawale. Serikali iliyofuata ilirithi chanzo hicho cha fedha kikiwa kizima.

Mwaka 1975

Tarehe 25 Aprili 1974 wanajeshi waliipindua serikali ya Lisbon, kwa sababu kubwa ya kuchoshwa na vita vya Afrika. Viongozi watatu wa Angola walikutana Mombasa mwanzoni mwa Januari 1975, wakikaribishwa na Jomo Kenyatta, na wakakubaliana kwenda kwa Wareno wakiwa na msimamo mmoja. Tarehe 15 Januari walitia saini Mkataba wa Alvor: serikali ya mseto, uchaguzi, kisha uhuru tarehe 11 Novemba. Mapigano yalianza kabla serikali hiyo haijazoea viti. Kenyatta aliwaita tena Nakuru mwezi Juni. Waliahidiana amani, na mwezi uliofuata MPLA ikaifukuza FNLA kutoka Luanda.

Walowezi walianza kuondoka. Kwa miezi kadhaa sauti iliyosikika mitaani Luanda ilikuwa ya nyundo: watu wakipigilia masanduku ya mbao na kufungasha jokofu, vyombo, vitanda, hata magari. Masanduku yalipangwa bandarini kama mtaa mpya, kisha yakapakiwa yakaenda. Ndege za usiku na mchana zilibeba watu zaidi ya 200,000 hadi Lisbon. Fundi wa mabomba, karani wa benki, mwendesha mtambo wa maji, mwoka mikate, dereva wa lori la kahawa, karibu wote walikuwa Wareno na karibu wote waliondoka ndani ya mwaka mmoja. Kahawa haikurejea tena katika kiwango chake. Mafuta hayakupotea, kwa kuwa yalichimbwa baharini na wageni ambao hata waliposimamisha kazi walirejea baada ya miezi michache.

Mwezi Agosti reli ya Benguela, ile ya Lobito hadi Katanga, ilifungwa kwa sababu ya vita. Zambia, iliyokuwa imeshaacha kupitisha shaba yake Rhodesia, ilibaki bila njia ya magharibi, na reli ya TAZARA ya kwenda Dar es Salaam, iliyokuwa inakamilishwa wakati huo huo, ikawa tegemeo lake.

Mwezi Oktoba majeshi ya Afrika Kusini yaliingia kutoka Namibia na kupanda kwa kasi kuelekea kaskazini. FNLA, ikiwa na askari wa Zaire na fedha za shirika la ujasusi la Marekani, ilishuka kutoka upande mwingine. Cuba ilipeleka wanajeshi kuiokoa MPLA. Tarehe 10 Novemba, kilomita kama 20 kutoka Luanda, safu ya Holden Roberto iliingia katika barabara iliyoinuka kati ya vinamasi vya Quifangondo na kumiminiwa makombora na Wacuba na askari wa MPLA. Haikuinuka tena. Siku hiyo hiyo Mreno wa mwisho kutawala, Leonel Cardoso, alitangaza kuukabidhi uhuru kwa wananchi wa Angola bila kutaja chama chochote. Bendera ilishushwa bila Mwangola yeyote kuhudhuria, naye akapanda meli. Usiku wa manane Neto alitangaza jamhuri Luanda. Wapinzani wake walitangaza ya kwao Huambo. Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliokutana Januari 1976, uligawanyika nusu kwa nusu, nchi 22 kwa 22. Tanzania ilikuwa upande wa MPLA.

Mafuta dhidi ya almasi, 1976–2002

Shirika la taifa la mafuta, Sonangol, liliundwa mwaka 1976, na sheria ya 1978 ililikabidhi haki zote za vitalu. MPLA ilijitangaza chama cha Kimarx, ikataifisha viwanda, mashamba na maduka, lakini kampuni za mafuta ziliachwa zifanye kazi kwa mikataba ya kugawana uzalishaji, na mikataba iliheshimiwa kwa uangalifu ambao hakuna sekta nyingine iliyouonja. Gulf, iliyokuwa imesimamisha kazi mwishoni mwa 1975 kwa shinikizo la Washington, ilirejea mapema 1976. Hivyo likazuka jambo ambalo wanadiplomasia hawakuchoka kulisimulia: Wacuba wa Fidel Castro wakilinda mitambo ya kampuni ya Marekani Cabinda, ili fedha zake zilipe vita dhidi ya waasi wa UNITA waliosaidiwa na Marekani. Mwaka 1985 makomando wa Afrika Kusini walinaswa karibu na mitambo hiyo. Mwaka uliofuata Savimbi alipokewa Ikulu ya Marekani, wakati huo huo meli zikipakia mafuta ya Angola kwenda Marekani.

Ndani ya chama kulikuwa na jeraha jingine. Tarehe 27 Mei 1977 wafuasi wa Nito Alves, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa MPLA, walijaribu mapinduzi. Msako uliofuata uliua maelfu ya watu, wengi wao vijana wa MPLA yenyewe, na kwa miaka zaidi ya arobaini jambo hilo halikuzungumzwa hadharani. Serikali iliomba radhi mwaka 2021. Neto alifariki Moscow mwaka 1979. José Eduardo dos Santos, mhandisi wa mafuta aliyesomea Baku, alichukua nafasi yake akiwa na umri wa miaka 37.

Vita viliendelea kupamba moto hadi mapambano ya Cuito Cuanavale ya 1987–88, ambapo Waafrika Kusini walishindwa kuutwaa mji. Mkataba wa New York wa tarehe 22 Desemba 1988 uliwaondoa Wacuba Angola na kuifungulia Namibia njia ya uhuru. Mei 1991 serikali na UNITA walipatana Bicesse, Ureno. Uchaguzi wa Septemba 1992 ulimpa dos Santos asilimia 49.6 na Savimbi 40.1, duru ya pili ilihitajika, lakini Savimbi alikataa matokeo na kurudi msituni, na Luanda wafuasi wake waliuawa kwa mamia.

Awamu iliyofuata ilikuwa mbaya kuliko zote. Huambo ilipiganiwa siku 55 mwaka 1993, na Kuito ilizingirwa miezi tisa. Vita Baridi vilikuwa vimekwisha na wafadhili wameondoka, kwa hiyo kila upande ulijilipia: UNITA kwa almasi za bonde la Cuango, serikali kwa mafuta ambayo yalikuwa bado hayajachimbwa, yaliyowekwa rehani kwa mikopo ya silaha. Utaratibu wa kimataifa wa kuthibitisha asili ya almasi, ulioanza kazi mwaka 2003, ulitokana kwa sehemu kubwa na almasi hizo. Katika mashindano haya mwenye almasi alikuwa na udhaifu: mashimo yake yalifikiwa kwa miguu na yangeweza kutekwa. Visima vilikuwa baharini.

Wakulima wa nyanda za juu walikimbia mabomu ya kutegwa ardhini yaliyojaa mashambani, wakajazana Luanda, katika mitaa ya mchanga mwekundu iitwayo musseque. Mji uliojengwa kwa watu nusu milioni ukabeba mamilioni. Huko kila mtu aliishi kwa kuuza kitu. Soko la Roque Santeiro, lililochukua jina la tamthilia ya televisheni ya Brazil, lilikuwa na kila bidhaa iliyokosekana kwenye maduka ya serikali, na katika miaka ya 1980 kreti la bia lilikuwa fedha ya kuaminika kuliko noti. Wanawake wa kubadilisha dola mitaani, makinguila, walijua thamani ya fedha ya nchi kabla ya benki kuu.

Savimbi aliuawa mkoani Moxico tarehe 22 Februari 2002. Majenerali wake walitia saini mkataba wa amani wa Luena tarehe 4 Aprili. Vita vilikuwa vimeua kama watu nusu milioni na kuwang'oa makwao kama milioni 4.

Miaka ya neema, 2002–2014

Amani ilikutana na mafuta mapya. Eneo la mafuta la Girassol, lililogunduliwa mwaka 1996, lilianza kutoa mafuta Desemba 2001. Liko kama kilomita 150 kutoka pwani, kwenye kina cha mita 1,400. Mafuta hupanda kwa mabomba hadi meli iliyofungwa minyororo hapo hapo, isiyokwenda popote, yenye matangi ya mapipa milioni 2. Humo hutenganishwa na maji na gesi, kisha meli nyingine huja, huvuta na kuondoka. Wafanyakazi hubadilishana kwa helikopta. Mafuta hayo hayagusi ardhi ya Angola. Kinachofika Luanda ni malipo.

Uzalishaji ulipanda kutoka chini ya mapipa milioni 1 kwa siku mwaka 2002 hadi karibu milioni 2 mwaka 2008, huku bei ikipanda pia. Angola ilijiunga na OPEC mwaka 2007. Wafadhili wa Magharibi walipoweka masharti ya uwazi, serikali iligeukia China: mkopo wa dola bilioni 2 wa mwaka 2004 ulilipwa kwa mafuta, na kwa jumla mikopo ya China ilipita dola bilioni 40. Wachina walifufua reli tatu, wakajenga barabara, hospitali na mji mpya wa Kilamba nje ya Luanda, uliozinduliwa mwaka 2011. Maghorofa yake yalisimama matupu mwanzoni kwa kuwa bei ilikuwa ya matajiri na matajiri hawakutaka kukaa huko. Bei iliposhushwa mwaka 2013 foleni zilikesha.

Mwaka huo huo Luanda ilitajwa kuwa mji ghali kuliko yote duniani kwa wageni. Ughali huo ulikuwa na maelezo mepesi: karibu kila kitu kiliagizwa nje, kuanzia nyanya hadi saruji, kwa kuwa dola za mafuta zilifanya iwe rahisi kununua kuliko kuzalisha. Nyanda za Huambo zilizowahi kuuza mahindi nje zilikula unga wa meli. Mwaka 2011 Shirika la Fedha la Kimataifa lilibaini dola bilioni 32 zisizo na maelezo katika hesabu za serikali za 2007 hadi 2010; nyingi zilielezwa baadaye kuwa matumizi ya Sonangol nje ya bajeti. Jibu hilo nalo lilikuwa na uzito wake: shirika la mafuta lilikuwa linajenga, linakopa na kulipa madeni kama serikali ya pili, na bunge halikuwa na la kusema.

Madaraka na mapato viliungana kwenye katiba ya 2010. Uchaguzi wa rais wa moja kwa moja ulifutwa. Anayeongoza orodha ya chama kilichoshinda ubunge ndiye rais, kwa miaka mitano, vipindi viwili. Bunge lina viti 220. Magavana wa mikoa, ambayo mwaka 2024 iliongezwa kutoka 18 hadi 21, huteuliwa na rais, na uchaguzi wa serikali za mitaa umeahidiwa mara nyingi bila kufanyika. Cabinda ilibaki na manung'uniko yake: inachangia sehemu kubwa ya mafuta, na waasi wake wachache hawajaacha bunduki. Januari 2010 walilishambulia basi la timu ya taifa ya Togo iliyokuja kucheza Kombe la Afrika.

Baada ya bei kuanguka, 2014 hadi sasa

Katikati ya 2014 pipa liliuzwa kwa zaidi ya dola 100. Mwanzoni mwa 2016 lilishuka chini ya 30. Dola zilikauka benki, na makinguila wakawa wanauza kwa zaidi ya mara mbili ya bei rasmi. Kampuni za ujenzi ziliondoka, winchi zikabaki juu ya maghorofa yasiyokwisha. Dos Santos alimteua binti yake Isabel kuongoza Sonangol Juni 2016, kisha mwaka 2017, baada ya miaka 38, akaachia urais. Mrithi wake, João Lourenço, aliyedhaniwa kuwa mlinzi wa maslahi ya familia, alimwondoa Isabel miezi michache tu baada ya kuapishwa. Mali zake zilizuiwa na mahakama mwishoni mwa 2019. Isabel amekanusha kufanya kosa. Mwaka 2018 nchi ilichukua mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na mwaka uliofuata ikaanzisha kodi ya ongezeko la thamani. Usimamizi wa vitalu nao ulihamishwa kutoka Sonangol kwenda wakala mpya.

Mageuzi hayo hayakurudisha mafuta. Visima vya zamani vinachoka, na wakati wa bei ndogo utafutaji ulisimama. Mwaka 2023 uzalishaji ulikuwa kama mapipa milioni 1.1 kwa siku. OPEC ilipotaka kuipangia kiwango hicho hicho kama kikomo, Angola ilijitoa kuanzia Januari 2024. Hata hivyo mafuta, pamoja na gesi, bado ndiyo karibu mauzo yote ya nje, na sehemu kubwa ya bajeti huishia kulipa madeni.

Bei ya petroli na dizeli ndiyo imekuwa chanzo cha ghasia. Nchi inayouza mafuta ghafi huagiza sehemu kubwa ya mafuta yaliyosafishwa, na kwa miongo serikali iliyauza kwa hasara. Ruzuku ilipopunguzwa Juni 2023, bei ya lita ya petroli iliruka kutoka 160 hadi 300 kwa sarafu ya nchi, iitwayo kwanza. Julai 2025 bei ya dizeli ilipandishwa tena. Madereva wa candongueiro, daladala za buluu na nyeupe zinazobeba watu wa Luanda, waligoma, maduka yakaporwa, na zaidi ya watu 20 wakafa. Hasira hiyo ilikuwa imeshaonekana kwenye masanduku ya kura. Uchaguzi wa Agosti 2022 uliipa MPLA asilimia 51 na UNITA karibu 44, na UNITA ilishinda Luanda, mji uliokuwa ngome ya MPLA tangu kabla ya uhuru. Wapiga kura vijana wa musseque hawakumkumbuka Savimbi.

Septemba 2025 kiwanda cha kusafisha mafuta chenye uwezo wa mapipa 30,000 kwa siku kilizinduliwa Cabinda. Kikubwa zaidi, cha Lobito, bado kinajengwa. Lobito hiyo hiyo ndiyo mwisho wa reli ya Benguela, ambayo sasa imekodishwa kwa kampuni za Ulaya kwa miaka 30 na kuungwa mkono na Marekani, ambayo rais wake wa wakati huo, Joe Biden, aliitembelea Lobito Desemba 2024. Treni zimeanza kuleta shaba ya Kolwezi, Katanga, kunakosemwa Kiswahili, shaba ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikisafiri kwa malori hadi Dar es Salaam na Durban. Uchaguzi ujao ni wa 2027, na katiba haimruhusu Lourenço kugombea tena.